Pampu ya Duarani, Mahindi ya Samuye

Mwezi uliopita nilikabidhi pikipiki ya ofisi, funguo za stoo na madaftari matatu ya mashamba darasa. Chepe nimebaki nalo. Halimo kwenye orodha ya vifaa, kwa hiyo asije mtu akanifuata nyumbani. Nilipewa na Mzee Shija, ambaye habari zake nitaeleza sasa hivi, na mpini wake nimeubadilisha mara nne.

Ninyi mnaoanza kazi ya ugani mmeniomba niandike ninachokijua kuhusu kumwagilia mahindi. Vitabu vya mambo hayo vipo, tena vina picha nzuri kuliko maneno yangu. Mimi nitaandika yale ambayo hayakupata nafasi kitabuni, na mengi yake ni makosa yangu mwenyewe. Vyeo nitaviruka. Havikuwa vingi, hata ningevitaja vyote msingechelewa chakula cha mchana.

Mimi ni Mpare. Nilipangiwa Mhunze nikiwa nimetoka chuoni juzi tu, nimevaa buti za mvua na kiburi cha mtu aliyekulia mlimani, ambako ukishakata mfereji maji yanashuka yenyewe hadi mgombani. Wiki ile ile ya kwanza niliwapimia wakulima mifereji mirefu ya mahindi kwenye mbuga, yaani ule udongo mweusi wa mfinyanzi unaonata ukilowa na kupasuka ukikauka. Tukafungulia maji. Yakaenda hatua kumi, yakasimama, yakatutazama. Shinyanga ni tambarare, na mimi nilikuwa nimeijua kwenye ramani. Wakulima walinicheka kwa adabu, maana yake waligeuza nyuso kwanza.

Aliyenifuata pale nilipokuwa nimesimama na aibu yangu alikuwa Mzee Shija, fundi wa umwagiliaji aliyebakiza miaka michache astaafu.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimia kwa Kisukuma, yaani umeamkaje, mama. Mimi nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza, "Kwenu wapi?"

"Same, mzee."

"Aa, Mpare! Basi tutaelewana. Kazi hii inataka mtu bahili."

Wapare tunasemwa kwa ubahili nchi nzima, na nilikuwa nimejiandaa kununa. Lakini mzee hakuwa anatania tu. Alikuwa anaamini kabisa kwamba maji ya mahindi hayagawiwi na mtu mkarimu. Alinifundisha kusawazisha mfereji kwa mpira mwembamba wa fundi ujenzi uliojaa maji, mmoja anashika huku na mwingine kule, mkilinganisha. Alinifundisha kupiga chepe moja chini, kuchukua udongo wa pale mizizi ilipo na kuufinya kiganjani. Ukishikana donge na donge likaacha unyevu mkononi, usimwagilie. Ukishikana kisha ukavunjika kwa kidole kimoja, jiandae. Ukikataa kushikana, umechelewa.

Na alinifundisha jani. Jani la hindi hujikunja saa nane mchana, na mkulima akiliona anakimbilia maji. Mzee Shija alikuwa anasema, "Saa nane hata mimi najikunja. Nenda ukaliangalie alfajiri." Likiwa limefunguka alfajiri, hindi lilikuwa linajikinga na jua tu. Likiwa bado limejikunja wakati umande haujakauka, hapo ndipo linapokuita. Somo hili peke yake limeokoa maji mengi kuliko mipango yote niliyowahi kuiandika, na nimeandika mingi.

Siku aliyostaafu alinikabidhi chepe mbele ya watu, akasema nisimwazime mtu. Amefariki miaka mingi sasa. Nikilipiga chepe hili chini, bado nasubiri aniambie nimelipiga pabaya.

Baadaye nilihamishiwa Samuye, na huko ndiko lilikonikuta jambo ninalotaka hasa kuliandika.

Kitongoji nilichopewa kilikuwa na lambo. Lambo lilichimbwa kwa ajili ya ng'ombe, na kwa Msukuma suala la ng'ombe haliletwi mkutanoni lijadiliwe. Kwa hiyo nilipoomba maji ya shamba darasa la mahindi ilibidi nikae mikutano mitatu. Mwishowe wazee walikubali. Kwenye nguzo ya zege iliyosimama ndani ya lambo tukapaka alama mbili, nyeupe juu na nyekundu chini. Maji yaliyo kati ya nyeupe na nyekundu ni ya mahindi kwa msimu mzima. Yakifika nyekundu, yaliyobaki ni ya ng'ombe na ya watu, na hakuna ndoo moja itakayokwenda shambani. Nilikubali nikasaini. Hesabu zangu zilionyesha kwamba mvua zikikata katikati ya msimu, kama kawaida yake, maji yale yangelifikisha shamba kwenye kukomaa kama tungeyatumia kibahili.

Shamba darasa liliwekwa kwa Mama Minza. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyeongea akiwa ameinama, jembe mkononi, hata na mgeni. Nilimchagua kwa sababu kwenye mkutano wengine wote waliuliza mbegu zinakuja lini, yeye akauliza, "Hindi moja linakunywa kiasi gani?" Sikuwahi kuulizwa swali hilo na mkulima. Nilimpenda siku ile ile.

Mumewe, Baba Minza, alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu huko porini, ng'ambo ya Runzewe. Alikuwa amekaa huko miaka mingi, anakuja nyumbani siku chache, anarudi. Mwaka ule alirudi na pampu ya petroli. Kikundi chake kilikuwa kimevunjika, na fungu lake lilikuwa pampu hiyo waliyoitumia kuvuta maji duarani, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao. Mama Minza alimwomba asirudi tena. Kaka wa Mama Minza, aliyemfuata kwa kuzaliwa, alifukiwa na kifusi huko huko, na mwili haukutolewa. Alinieleza haya tukiwa tunapalilia, akiwa ameinama vilevile, na sauti yake haikubadilika mpaka alipofika kwenye jina la kaka.

Mumewe alimjibu kwamba atajaribu msimu mmoja. Mahindi yakikubali, atabaki. Yakikataa, atarudi duarani. Begi lake la turubai la bluu, lenye zipu mbovu iliyoshonwa kwa waya, alilitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, nguo na tochi zikiwa humo humo. Kila nilipoingia ndani kunywa uji, nilimwona Mama Minza akilitupia jicho.

"Halijafunguliwa tangu afike," aliniambia. "Bibi shamba, haya mahindi yakifa, mimi nitakuwa nimemzika mtu wa pili."

Sasa sikilizeni nilivyofanya. Mahindi yalikuwa yamefika kiunoni, mvua zimekata, majani ya alfajiri yameanza kujikunja. Baba Minza akaniuliza aanze lini kumwagilia. Nikamwambia aanze Jumanne. Sikumwonyesha namna, maana nilikuwa nawahi mjini kwenye semina, na nilijua mkewe anajua. Semina yenyewe ilihusu matumizi bora ya maji. Tulikaa siku tatu tukinywa maji ya chupa na kuacha chupa nusunusu mezani.

Jumanne Mama Minza alikuwa kliniki na mtoto mwenye homa. Baba Minza akabaki na pampu yake. Nawaomba mumwelewe, kwa sababu mimi sikumwelewa kwa wakati. Mtu huyu kwa miaka yote alikuwa amelipwa kwa kutoa maji. Duarani maji ni adui. Pampu nzuri ni ile inayotupa mengi, na siku njema ni ile ambayo shimo limekauka kabla ya jioni. Na kabla ya machimbo, akiwa kijana nyumbani, kilimo alichokijua cha maji ni cha majaluba, vile vitalu vya mpunga vyenye kingo, ambavyo mtu hufurahi akiona maji yamesimama hadi kifundo cha mguu. Basi akachanganya ujuzi wake wote miwili. Akainua kingo upande wa chini wa shamba, kwenye mbuga, kama anayetengeneza jaluba, akawasha pampu asubuhi, akaizima jua lilipozama.

Nilifika Alhamisi. Mahindi ya upande wa chini yalikuwa yamesimama ndani ya maji, majani ya chini yameanza kuwa ya njano. Lambo lilikuwa limeshuka. Kati ya alama nyeupe na nyekundu kilibaki kipande cha upana wa viganja viwili. Majirani walikuwa wamejaa ukingoni. Na Baba Minza alikuwa amesimama katikati, suruali imekunjwa, uso unang'aa.

"Shikamoo, bibi shamba. Karibu uone! Hata duarani sijawahi kutoa maji mengi hivi kwa siku moja."

Alikuwa na furaha. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mtu mzima alikuwa amefanya kazi ya kutwa kwa ajili ya mke wake, anataka asifiwe kidogo, na mimi nilimfokea mbele ya majirani. Nilimwambia hajamwagilia, amezamisha. Nilimwambia mpunga ndio unaoota majini, hindi mizizi yake inavuta hewa, na yeye ameliziba pumzi. Nilimwita mharibifu. Hasira zangu mnazijua. Siku ile zilikuwa na sauti. Mama Minza alikuwa nyuma yangu amembeba mtoto. Baba Minza alikunjua suruali polepole, mguu mmoja, halafu mwingine, akaondoka.

Asubuhi iliyofuata Mama Minza alinikuta ofisini kabla sijafungua dirisha.

"Begi limeshuka," alisema. "Liko kitandani. Anaondoka keshokutwa."

Nilikwenda naye kwa miguu, pikipiki niliiacha. Nilitaka njia iwe ndefu nipate la kusema. Baba Minza alikuwa amekaa kwenye kigoda anasafisha plagi ya pampu kwa kitambaa. Nikamwambia, "Baba Minza, nimekukosea. Kosa lilikuwa langu. Nilikwambia uanze, sikukwambia uishie wapi."

Aliendelea kusafisha plagi. "Mimi nilifanya kazi ninayoijua," alisema. "Na wewe ulinitukana kwenye kazi ninayoijua."

"Ndiyo. Nisamehe."

"Mahindi yatapona?"

Nilimweleza ukweli, kwa sababu uongo ungemfukuza haraka zaidi. Maji yaliyobaki hayatoshi shamba zima. Wiki zinazokuja mahindi yatatoa mbelewele, lile shada la maua la kileleni, kisha nywele, na hapo ndipo yanapohitaji maji kuliko wakati wowote. Yakikosa, utapata magunzi matupu. Tungeweza kuokoa nusu. Na nusu yenyewe nilikuwa nimeshaichagua: upande wa juu, kwenye udongo wa kichanga, ambako maji yake hayakufika kwa wingi. Mahindi yalikuwa ya kijani, mazuri. Upande wa chini ulikuwa wa njano, nikauhesabu umekwenda. Nilimwomba anipe asubuhi moja tu ya kunisaidia kufungua kingo, kisha aende kama ataenda. Plagi aliirudisha kwenye pampu badala ya kuifunga kwenye kitambaa.

Kesho yake nilifika jua linachomoza. Kingo zilikuwa zimeshafunguliwa, maji ya juu yameondoka. Na shambani kulikuwa na mashimo mawili, moja upande wa juu na moja upande wa chini, kuta zimenyooka kama zimekatwa kwa kisu. Baba Minza alikuwa amesimama ndani ya lile la chini, linamfika kiunoni.

"Shuka, bibi shamba."

"Huko ndani?"

"Sisi duarani hatukisii. Tunashuka tukaone. Shuka."

Nilishuka na gauni langu la kazi, akanishika mkono. Akaniambia nifinye udongo wa ukutani, kuanzia juu kwenda chini. Udongo wa juu ulikuwa tope. Wa katikati ulishikana donge na kuacha unyevu kiganjani. Wa chini kabisa, pale miguuni pake, ulishikana vilevile. Kisha tukaenda kwenye shimo la pili, upande wa mahindi mazuri. Pale nilifinya, udongo ukamiminika kati ya vidole vyangu kama sukari.

"Maji niliyoyatupa hayajapotea yote," alisema. "Yako chini ya hayo ya njano. Huku juu kumependeza majani tu, chini hakuna kitu."

Nilikaa ukingoni mwa lile shimo nikaona haya. Nilikuwa na chepe la Mzee Shija kwenye pikipiki na sikulipiga chini hata mara moja, kwa sababu niliangalia rangi ya majani kwa macho ya hasira. Mahindi ya chini hayakuwa yamekufa. Yalikosa hewa, na sasa hewa imerudi, yanahitaji palizi na mbolea ya kukuzia kidogo. Udongo wa mfinyanzi ulikuwa umeyawekea akiba. Mchanga wa juu ungeyanywa maji yetu ya mwisho na kesho ungeomba mengine.

Nikawaambia hivyo wote wawili. Mama Minza alielewa kabla sijamaliza.

"Kwa hiyo tunayaacha yale ya kijani."

"Hatuyaachi. Tunayakata."

Nilimweleza kwamba mbuga ikianza kukauka itapasuka, na kwenye nyufa ndipo unyevu unapotorokea. Inahitaji kufunikwa. Na kifuniko pekee tulichokuwa nacho, cha kutosha, kilikuwa mahindi yale mazuri ya upande wa juu. Tuyafyeke tuyalaze kati ya mistari ya haya ya njano.

Wadogo zangu, nimewaambia watu mengi magumu katika kazi hii. Hakuna lililonishinda kulisema kama lile: kumwambia mama wa Samuye, mvua zimekata, afyeke mahindi mabichi yanayompendeza. Alisimama akiyatazama kwa muda mrefu. Majirani waliokuwa wakipita na ng'ombe walisimama nao. Mmoja akauliza kama mama huyu amerogwa. Mama Minza akaenda ndani, akatoka na panga, akakata mstari wa kwanza wote peke yake, kuanzia mwanzo hadi mwisho, machozi yanamtoka na mkono hausimami. Alipomaliza mstari ule Baba Minza alikuwa tayari kwenye wa pili. Mimi nikachukua wa tatu.

Jioni upande wa chini ulikuwa umefunikwa wote, na hatukubakiza nguvu hata ya kuongea. Nilipoingia ndani kuaga, begi lilikuwa limerudi kwenye msumari. Halikuwa limefunguliwa.

Siku zilizofuata ndizo zilizonifundisha umwagiliaji kuliko chuo. Tulichimba vijifereji kati ya mistari, kila baada ya mstari mmoja, yaani mfereji mmoja unapata maji na jirani yake unabaki mkavu. Mara inayofuata tunabadilisha. Hindi linakunywa upande mmoja na linatosheka, na nusu ya ardhi haipotezi maji bure juani. Tulimwagilia alfajiri tu. Na hatukumwagilia mpaka jani la alfajiri litoe habari na donge lithibitishe. Baba Minza alikuwa ananisubiri ukingoni na donge mkononi, analifinya mbele yangu, "Bado, bibi shamba." Siku nyingine nilikuwa naona bado, yeye anasema leo, na alikuwa sahihi mara nyingi kuliko mimi.

Tatizo lilikuwa pampu. Ilikuwa na nguvu za duarani na haikujua kidogo ni nini. Mama Minza ndiye aliyepata dawa. Pampu ikiwashwa, anabandika sufuria ya maji ya ugali kwenye mafiga, sufuria ile ile, kuni zile zile. Maji yakichemka anapiga kelele, "Yamechemka!" na mumewe anazima, hata kama mfereji wa mwisho haujajaa. Nimekaa na wataalamu wenye vipimo vya kila aina. Sijaona kipimo kilichotiiwa kama sufuria ile.

Mbelewele zilitoka. Kisha nywele, zile nyuzi laini za gunzi changa, nyekundu kidogo, na Mama Minza alikuwa anapita mstari kwa mstari akizigusa kwa kidole bila kuzivuta.

Siku ya kumwagilia mara ya mwisho, sufuria ilikuwa bado haijaanza hata kutoa mvuke, pampu ikazimika. Tulitazamana. Mama Minza akapaza sauti, "Baba Minza! Hayajachemka!"

Alijibu kutoka lamboni, "Alama imefika."

Tulishuka tukamkuta amechuchumaa kwenye maji, mkono kwenye nguzo, kiganja kimefunika mstari mwekundu. Hakukuwa na mtu mwingine pale. Mistari minne ya mwisho ilikuwa haijapata maji, punje ndiyo kwanza zinajaa maziwa, na kwenye msumari nyuma ya mlango kulikuwa na begi. Dakika tano zaidi za pampu, nani angejua? Nakiri mimi niliyesaini niliziwaza hizo dakika tano. Baba Minza alisimama, akakunja mpira wa pampu, akasema, "Ya ng'ombe hayo." Mkewe alimpokea mpira, akaubeba yeye. Nilimwona anamtazama mgongoni njia nzima, na sikuwahi kumwona akimtazama vile.

Mistari minne ilitoa magunzi ya mapengo. Mingine yote ilibeba. Mvua zilirudi wakati tunavuna, kama mgeni anayefika harusi imeisha na bado anataka kukaribishwa. Kihenge cha Mama Minza kilijaa mpaka shingoni, nusu ya shamba hiyo. Mwaka uliofuata wazee wa kitongoji waliita mkutano wenyewe, bila mimi kuomba, wakaongeza mashamba mengine mawili chini ya alama ile ile, na msimamizi wa nguzo wakamchagua Baba Minza.

Nikimuuliza kama atabaki, alikuwa anajibu, "Tuone msimu huu." Alijibu hivyo mwaka ule, na mwaka uliofuata, na miaka yote iliyofuata, mpaka Minza akaolewa. Begi lilibaki kwenye msumari. Mama Minza alifagia chini yake, alipaka chokaa ukuta akilizunguka, hakuligusa. Aliwahi kuniambia kwamba mume anaweza kukaa nyumbani miaka mingi na bado hajafika.

Wiki ya kukabidhi ofisi nilikwenda kuwaaga. Tulikaa, tukanywa uji, tukazungumza habari za nyufa za mbuga mwaka huu na bei ya petroli. Nilipoinuka, Baba Minza alinishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, bibi shamba," mara moja tu, akaingia ndani. Akatoka amebeba mzigo wangu wa kuagwa: mahindi mabichi, yaliyochumwa asubuhi ile, yametiwa ndani ya begi la turubai la bluu, zipu imeshonwa kwa waya mpya. Nyuma yake, kupitia mlango uliokuwa wazi, niliuona msumari mtupu.

Desturi mnaijua, chombo cha zawadi kinarudishwa. Kwa hiyo nilisema, bila kufikiri, "Begi nitawaletea Jumapili."

"Usilirudishe, mayu," alisema Mama Minza.

Baba Minza alikuwa ameinama analifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira. Aliposikia, akaongeza fundo la pili.